Kumpata Ndege wa Nyumba Yenu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Sabaki Hadi Mida

Wasomaji wengi wameniandikia jambo moja. Familia iliketi, ikakubaliana iwe na ndege wa nyumba, yaani ndege wa kuwa alama ya familia, ikamchagua, na baada ya miezi michache hakuna tena anayemtaja. Picha imebaki kwenye kundi la WhatsApp. Nikiuliza walimchaguaje, majibu hufanana: mtu alitafuta mtandaoni, akakuta tai ni nguvu, njiwa ni amani, bundi ni hekima, akachukua neno lililompendeza. Ndege mwenyewe hakuna aliyekwenda kumtazama. Na huyo bundi wa hekima, nyanya mzaliwa wa Malindi hamtaki juu ya paa lake, sembuse kwenye leso yake.

Njia ninayoieleza hapa hutafuta maana katika mambo mawili mnayoweza kuyashuhudia wenyewe: anachokifanya ndege, na inachokifanya nyumba yenu. Yakikutana, ndege huyo hamtamsahau. Ipeni kazi hii msimu mzima, kwa sababu ndege wengi wa pwani yetu ni wageni: hufika kuanzia Agosti, upepo wa kusi unapolegea, na huondoka kufikia Aprili.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja la familia na penseli. Kalamu ya wino huharibika kwa unyevu na chumvi.
- Darubini. Ikiwa mnanunua, tafuteni iliyoandikwa 8x42: nane ni ukuzaji, arobaini na mbili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zenye ukuzaji mkubwa zaidi hutikisika mkononi, hasa kwa watoto na wazee.
- Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la mwezi husika. Bila hilo mtafika kwenye hori ya Mida mkute maji tupu au ndege wako mbali kama nukta.
- Kitabu cha kutambulisha ndege wa Afrika Mashariki, au programu ya bure ya simu kama Merlin.
- Mzee mmoja anayejua ndege kwa majina ya nyumbani. Mvuvi, mgema au mkwezi wa minazi humjua ndege kuliko wengi wetu.
- Nguo za rangi iliyofifia, kofia, na maji ya kunywa.

Karatasi ya kuchorea nembo msiinunue kwanza. Ikiwepo mezani, watu huanza kuchora kabla ya kutazama.

## Hatua ya 1: Andikeni matendo ya nyumba yenu

Ketini jioni moja, wakubwa kwa wadogo, daftari likiwa kwa mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Kila mmoja ajibu kwa kutaja tendo. Nyumba hii ikifikwa na shida hufanya nini? Riziki yetu hutoka wapi, na nani huileta mlangoni? Nani alihama, akatoka wapi? Watoto wetu hulelewa na nani, mpaka lini?

Sababu ni hii: "tunapendana" na "tuna umoja" ni maneno ya kila nyumba, kwa hiyo kila ndege atayafaa na hakuna atakayeyafaa sawasawa. Lakini "shangazi aliwalea watoto wa kaka yake mpaka wakaoa" ni habari ya nyumba moja. Tendo la namna hiyo lina ndege wake.

Tahadhari: Msiandike mnavyotamani kuwa. Kama nyumba yenu ni ya watu wakimya wanaofanya kazi usiku, andikeni hivyo. Na msimruhusu anayesema sana ajibu kwa niaba ya wote. Mara nyingi jibu lenye uzito hutoka kwa aliyekaa pembeni.

Mmefaulu ikiwa: mna sentensi tatu hadi tano ambazo jirani akisomewa bila kutajiwa jina, atasema, "Hawa ni kina fulani."

## Hatua ya 2: Chagueni mahali na saa

Anzeni nyumbani. Teleka, ndege mdogo anayefanana na mbayuwayu, huzunguka minazi ya Malindi mchana kutwa, minana husuka viota kwenye makuti, na chozi huja kwenye maua ya ua wowote uliotunzwa. Ndege mnayemwona kila siku mkifua nguo ana nafasi kubwa ya kudumu kuliko yule wa safari.

Kisha tokeni. Mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa mji kwenye njia ya Mambrui, ndiko maji ya Athi na Galana yanakoingia baharini yakiwa mekundu kwa udongo. Hapo kuna matope, mafungu ya mchanga na vidimbwi, na juu yake heroe (flamingo), buabua, shakwe na vitwitwi wa kila namna. Nendeni alfajiri, kabla jua halijawa kali na upepo haujainua mchanga.

Mida, karibu na Watamu, hutaka kufuata maji. Fikeni muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa. Yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika matopeni mbali sana. Yanapopanda huwasogeza kidogo kidogo kuelekea mikokoni mlipo. Siku za bamvua hufaa zaidi kuliko za maji mafu, kwa sababu maji hupanda juu na kuwabana ndege kwenye sehemu chache. Liko daraja la kuning'inia linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia, na kiingilio chake huchangia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu.

Msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede ni kwa wanaotaka ndege wa miti: hondohondo, kololo, na yule bundi mdogo wa Sokoke asiyezidi urefu wa kiganja na vidole. Msituni chukueni mwongozaji wa hapo. Njia hufanana, na ndege wa kichakani bila mtu anayeijua sauti yake hamtamwona.

Walio Lamu wana mikoko yao na mafungu yao. Hatua ni zile zile.

Tahadhari: Wakati wa kusi, buabua hutaga kwenye visiwa vidogo vya mawe, kama vile vya Kiunga na kile kilicho mbele ya Watamu. Msishuke huko. Mzazi akiruka, yai huachwa kwenye jua kali, na dakika chache zatosha kuliua.

## Hatua ya 3: Tazameni, kila mtu na jicho lake

Kaeni mahali pamoja nusu saa bila kusogea. Dakika za mwanzo ndege huwatazama ninyi. Baadaye hurudi kwenye shughuli zao, na hapo ndipo kazi yenu huanza.

Kila mtu amchague ndege mmoja na amfuate kwa macho. Aandike anakula nini na anakipataje, yuko na nani, anamfanyia nini mwenzake, na anafanya nini akitishwa. Watoto wasiojua kuandika wachore, au wamsimulie mkubwa aandike maneno yao yalivyo, bila kuyanyoosha.

Msiambiane mlichokiona mpaka mrudi nyumbani. Baba akishasema "mwone yule tai alivyo shujaa," watoto wote watamwona shujaa. Kinachotafutwa ni macho mengi yaliyoona kwa uhuru.

Tahadhari: Msipige sauti ya ndege kwenye simu ili kumvuta. Huidhania ni ya mshindani, huacha kula na kumwacha kinda, huja kupigana na kitu kisichokuwepo. Wala msiwakimbilie ndege waliotua ili mpige picha wakiruka. Wengi wametoka safari ndefu na nguvu zao ni za kuhesabu.

Mmefaulu ikiwa: daftari lina matendo mengi na sifa chache. "Alimfuata mkubwa akilia, mkubwa akampa kaa" ni maandishi mazuri. "Ni ndege wa ajabu sana" hayatawasaidia hatua ya tano.

Rudieni hatua hii mara kadhaa, mahali tofauti na miezi tofauti. Najua ndiyo watu huiruka. Hakuna hatua nyingine inayoweza kuziba pengo lake.

## Hatua ya 4: Hakikisheni ni nani

Majina yetu ya ndege ni mazuri, ila jina moja mara nyingi hubeba ndege wengi. Wengi husema yangeyange kwa kila ndege mweupe mwenye shingo ndefu. Yule anayefuata ng'ombe ana mdomo wa manjano. Yule wa majini mwenye mdomo mweusi na nyayo za manjano ni mwingine, na maisha yao hayafanani. Mkikosea hapa, mtampa ndege wenu sifa za jirani yake.

Andikeni jina la nyumbani alilowapa mzee, na kando yake jina la kisayansi kutoka kwenye kitabu. La kwanza mtaliita, la pili litawawezesha kusoma habari zake bila kuchanganya.

## Hatua ya 5: Linganisheni matendo yao na yenu

Sasa wekeni kurasa mbili kando kwa kando: sentensi za hatua ya kwanza, na mliyoyaona. Tafuteni zinapogusana. Nitaeleza ndege kadhaa wa kwetu ili muone namna ya kufikiri. Msiichukue hii kama orodha ya kuchagulia.

Mla-kaa wa Mida (*Dromas ardeola*) ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana kwenye pwani za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Somalia, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu kwa kawaida. Kinda akishajua kuruka huja naye mpaka huku, na hata baada ya safari yote hiyo mzazi humlisha bado. Mida mtamwona kinda wa kijivujivu akimfuata mkubwa huku akilia kuomba. Nyumba iliyompeleka mtoto mbali kusoma na ikaendelea kumtumia chakula na nauli mpaka aliposimama, imejiona hapo. Kwangu huyu ndiye ndege mwenye hadithi nzito kuliko wote wa pwani hii, na hutajwa mara chache mno.

Hondohondo ana agano jingine. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango hukandikwa kwa matope mpaka ubaki ufa mwembamba, naye hukaa ndani kwa wiki nyingi akiatamia na kulea. Dume huleta matunda, humpa kupitia ule ufa. Asiporudi, walio ndani wako hatarini. Ni ndege wa nyumba ambapo mmoja yuko baharini au Uarabuni kikazi na mwingine amefunga mlango analea, na kila mmoja anaishi kwa uaminifu wa mwenzake.

Teleka wa minazi hubandika kiota kidogo cha manyoya chini ya kuti kwa mate yake, kisha hubandika na mayai kwa mate hayo hayo, maana kuti hutikiswa na upepo mchana na usiku. Wazazi huatamia wima, wameng'ang'ania. Familia zilizojenga kwa vichache, mahali pasipotulia, na hazikuanguka, huwa hazihitaji maelezo marefu zikimwona.

Heroe hazaliwi na wekundu wake. Kinda ni wa kijivu. Rangi huja na anachokula. Wazazi wakilisha kinda kwa maziwa yanayotoka kooni mwao, wao wenyewe hufifia. Wapo watakaosoma hapo habari ya chumo la halali, kwamba kinachoingia tumboni ndicho kinachoonekana usoni. Wapo watakaomsoma mama aliyepungua ili watoto wanenepe. Vyote viwili viko kwenye ndege, na nyumba yenu itajua kipi ni chake.

Furukombe, tai mla samaki, hupendwa kwa sauti na kwa namna dume na jike wanavyoitikiana. Lakini pia hunyang'anya samaki wa ndege wengine. Msifiche upande huo. Andikeni na kasoro ya kila ndege mnayemfikiria, kisha mjiulize kama mnaweza kuishi nayo. Ndege asiye na kasoro kwenye daftari lenu hamjamtazama vya kutosha.

Mmefaulu ikiwa: mtoto wa miaka kumi anaweza kusema kwa pumzi moja: "Ndege wetu ni fulani, kwa sababu yeye hufanya hivi na sisi hufanya hivi."

## Hatua ya 6: Mpelekeni mbele ya wazee

Kabla ya kuamua, nendeni kwa nyanya, ami, mjomba, shangazi. Hii si heshima ya juu juu. Wazee hubeba habari ambazo daftari lenu halina.

Swali la kwanza: ndege huyu ana neno gani kwetu? Bundi akilia juu ya paa, nyumba nyingi za Waswahili na za Wagiriama huhesabu ni habari ya msiba. Dudumizi hutangaza mvua. Huenda ninyi hamuamini, lakini nembo itaingia kwenye harusi, na mkwe atakayeshtuka ni mkwe wenu. Mkiwa na sababu nzito ya kumtaka bundi wa Sokoke, na sababu ipo, maana mara nyingi dume na jike hukutwa wamelala mchana wameshikamana kwenye tawi moja, basi mzungumze na wazee mpaka waridhike. Wakikataa, mwacheni.

Swali la pili ni la dini. Familia nyingi za Kiislamu hazipendi sura ya kiumbe chenye roho ukutani au kwenye nguo ya kuswalia. Liulizeni mapema kwa mwalimu wenu. Hatua ya saba ina njia ya kulitatua. Waelezeni pia watoto kwamba ndege huyu si hirizi. Haleti bahati, hafukuzi husuda, haombwi kitu. Anakumbusha tu.

Tahadhari: Kuna familia za Kimijikenda na za visiwani zenye miiko ya ukoo juu ya viumbe fulani. Mwiko hauulizwi mbele ya wageni. Mtumeni mtu mmoja, aende kwa utaratibu.

## Hatua ya 7: Tengenezeni nembo

Sasa nunueni karatasi. Chora kutokana na kurasa zenu, msinakili picha ya mtandaoni. Ile picha ina mwenyewe, na aliyeichora hajui mlichokiona.

Chagueni tendo moja na mlichore hilo. Kwa mla-kaa, ni midomo miwili na kaa katikati. Kwa hondohondo, ufa wa mlango na mdomo unaopita. Rangi mbili zatosha. Kisha jaribuni: ichoreni iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na muitazame ya kawaida kutoka upande wa pili wa ua. Ikisomeka kote kuwili, imekaa.

Kwa wasiotaka sura ya kiumbe, pwani hii ina hazina. Milango ya Lamu na kofia za vito kwa kawaida hupambwa kwa maua, mistari na vitundu, bila sura ya kiumbe, na hakuna aliyewahi kuziona zimepungukiwa. Chukueni unyayo wa ndege kwenye matope, safu ya manyoya ya ubawa, au mzunguko wa kiota, mfanye kuwa urembo unaojirudia. Fundi wa kofia ataufuata kwa sindano, na mchora hina atauweka mkononi mwa bibi harusi. Walio ndani watajua, wa nje wataona pambo zuri.

Mkitaka leso, panga sehemu tatu: pindo libebe urembo wa ubawa au unyayo, mji, yaani sehemu ya katikati, ubebe nembo, na jina, yaani yale maandishi ya leso, libebe maana. Jina lisimtaje ndege na kumweleza. Liseme kama mtu anavyosema. Kwa nyumba ya mla-kaa ningeandika: *Kinda wangu sitamwacha, hata tuvuke bahari*. Kabla ya kuchapisha, ulizieni idadi ya chini anayokubali mchapishaji, kwa sababu leso za nyumba moja mara nyingi hazifiki idadi hiyo. Kutarizi kwa mkono leso chache hugharimu muda lakini hakuwaachii mabunda ya ziada.

Wavuvi waweza kuandika jina la ndege ubavuni mwa dau. Ni mahali pazuri kuliko ukutani, maana chombo huenda anakokwenda ndege.

Tahadhari: Msitumie manyoya, mayai wala ndege hai. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumiliki mnyama wa porini au sehemu zake bila kibali, na ndege wamo. Ndege wa nyumba hafungiwi tunduni.

## Hatua ya 8: Mpangieni wajibu

Alama isiyodai kitu husahaulika, kwa hiyo ndege wenu awe na kazi ndani ya mwaka wa nyumba. Andikeni tarehe ya kumwona mara ya kwanza kila msimu, na jina la aliyemwona. Mtoto aliyemwona kwanza ndiye atakayesimulia habari zake siku hiyo.

Kisha fanyeni jambo moja la kumlinda, kulingana na anavyoishi. Nyumba ya teleka isikate makuti makavu kabla ya kuangalia kama yana viota. Nyumba ya mnana iondoe taka za chakula uani, kwa sababu taka huwaita kunguru wa Kihindi, nao huvamia viota na kula makinda. Nyumba ya mla-kaa isinunue boriti za mikoko zilizokatwa bila kibali. Nyumba zote ziwanyang'anye watoto manati, kwa upole na kwa maelezo. Mkiwa na ndege wa majini, ulizieni kwa waongozaji wa Mida au Sabaki kuhusu hesabu ya ndege wa majini inayofanywa Januari. Wanaojua kutambua ndege wao vizuri husaidia kweli.

Mwaka ambao hakuonekana, andikeni pia kwamba hakuonekana, pamoja na mlikomtafuta na tarehe. Na binti akiolewa kwenye nyumba yenye ndege wake, asilazimishwe kuchagua: watoto wake wafundishwe wote wawili, na daftari lenu linakiliwe ukurasa kwa ukurasa aende nalo.